Ruta Iliyoganda Kila Mchana

Nilipowashauri wanunue ile ruta, mashine ya kugawa mtandao, Sista aliyekuwa msimamizi wa hospitali aliniuliza swali moja tu. Nilikuwa nimemaliza kuwaeleza wajumbe wa kikao kwamba mashine inakuja na mkataba wa huduma, kwamba ikitusumbua tunapiga simu kwa kampuni iliyoitengeneza na wataalamu wao wanatusaidia mpaka ipone. Sista akauliza, "Na wakipigiwa wanapokea?"

Nikasema wanapokea. Ndivyo mkataba ulivyosema, na jina la kampuni lilikuwa kubwa.

Hospitali hiyo ni ya kanisa, iko Muleba, juu ya kilima. Ukisimama nyuma ya wodi ya wazazi unaona migomba ikishuka hadi bondeni, na mbele kabisa ziwa. Mimi nilikuwa fundi wa mtandao katika ofisi ndogo mjini Bukoba na nilipanga chumba mtaa wa Kashai. Mama yangu yuko Nyanga, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa. Hajapenda kazi yangu tangu siku aliponikuta juu ya paa la shule moja Kahororo nafunga antena, nimevaa suruali, na chini kuna mwalimu mkuu ananishikia ngazi. Alinisalimia kwa heshima zote kama mgeni, akapita.

Ruta ilifanya kazi vizuri miezi ya mwanzo. Kisha mapokezi wakaanza kunipigia. Mtandao unaganda mchana, walisema. Asubuhi uko sawa, ikikaribia saa sita unakuwa mzito, halafu unasimama kabisa. Wanazima mashine, wanawasha, unarudi, lakini kesho yake ni yale yale.

Mtu asiyejua hospitali anaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini pale kadi ya bima inahakikiwa kwenye mtandao, na majibu ya maabara, ambayo iko jengo la chini, yanapanda kwa daktari kwenye mtandao huo huo. Mtandao ukisimama, watu wanajaa kwenye benchi, na manesi wanaanza kupanda na kushuka na vikaratasi mkononi.

Nilifungua tiketi kwa kampuni, yaani niliandika tatizo kwenye tovuti yao nikapewa namba. Jibu lilikuja kwa Kiingereza safi, likaniita Bwana ingawa mimi ni mwanamke, likanitaka nizime mashine na kuiwasha. Nikaandika kwamba tumeshafanya hivyo kila siku. Mtu mwingine, jina jingine, akanitaka nibadilishe nyaya. Nikaenda Muleba na pikapu ya ofisi, nikabadilisha nyaya zote. Mwingine akasema ni umeme wetu, kwa kuwa ameona tuko Tanzania. Hospitali ikanunua stabilaiza ya kutuliza umeme. Mwingine akasema ni joto. Chumba cha mitambo kiko upande wa kaskazini, kina baridi kiasi kwamba mapokezi huhifadhi maziwa yao humo. Nilimpigia picha kipimajoto nikamtumia. Akanishukuru, akasema zamu yake imeisha, mwenzake ataendelea. Mwenzake akaanza upya: je, nimejaribu kuzima mashine na kuiwasha?

Mwishowe walinitaka niweke toleo jipya la programu ya ruta. Nikaliweka, na mashine ikaanza kuganda mapema zaidi.

Bosi wangu alichoka kabla yangu. Aliniambia tuing'oe, tufunge ya aina nyingine, hospitali ilipe au tugawane hasara. Nilimwomba anipe muda kidogo. Mashine ile niliichagua mimi, na sikutaka kurudi mbele ya kile kikao bila kujua ina nini.

Halafu likatokea la mzee mmoja wa visiwani.

Muleba ina visiwa vingi, na watu wa huko huja hospitali kwa boti ya injini, kisha bodaboda kutoka mwaloni, pale boti zinapotia nanga. Mzee huyo alikuja peke yake, analalamika kiu na uchovu. Daktari akamwandikia vipimo, damu ikachukuliwa, akaambiwa akae kwenye benchi asubiri majibu. Mtandao ukaganda. Maabara waliyaona majibu, sukari ilikuwa imepanda vibaya sana, wakayaingiza kwenye kompyuta wakidhani daktari ameyapata. Walipogundua hayajafika, nesi alipanda mbio na karatasi. Mzee hakuwepo tena. Boti ya kurudi ilikuwa inaondoka, naye akaifuata. Sista alimtuma dereva hadi mwaloni, lakini boti ilishaondoka. Simu ya mzee haikupatikana.

Walimrudisha baada ya siku chache wamembeba kwenye machela ya miti, hajitambui.

Nilifika hospitali siku iliyofuata, na sikujua lolote. Nilikuwa chumba cha mitambo, simu sikioni, nabishana na mtaalamu wa kampuni ambaye alitaka kuifunga tiketi yangu kwa sababu, alisema, sikuwa nimejibu barua pepe ya mwisho kwa wakati. Sista aliingia akasimama mlangoni. Alisikiliza kwa muda, akiangalia taa za ruta zinavyowaka. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu, mwanangu."

Nilimwambia ni Kiingereza. Akaniangalia kama mtu anayeshangaa, kisha nikakumbuka alifundisha Kiingereza sekondari kabla ya kuletwa hospitali.

Hakupandisha sauti. Alijitambulisha kwa cheo chake, akaomba kuongea na mkubwa wa zamu, akangoja. Nilisikia ule muziki wa kusubirisha watu ukicheza mkononi mwake. Mkubwa alipokuja, Sista alimweleza habari za yule mzee kuanzia benchi hadi machela, polepole, bila kuongeza chumvi. Ndipo na mimi nilipozisikia kwa mara ya kwanza. Alipomaliza, alimwambia maneno ambayo naweza kuyarudia mpaka leo.

"Sikulaumu kwa ugonjwa wake. Sisi pia tulikuwa na miguu, tungeweza kumfuata mapema. Ninachoomba ni mtu mmoja. Mmoja tu, asiyebadilika, amsikilize huyu binti kuanzia mwanzo."

Akanirudishia simu na kwenda wodini. Nilikaa juu ya boksi la nyaya.

Mtu mmoja akapatikana. Alikuwa kijana, kwa sauti, na alikuwa katika mji wa mbali ambao sikuwahi kuuona hata kwenye ramani. Jambo la kwanza alilofanya ni kuniuliza jina langu ninavyolitamka mwenyewe. La pili, alisema amesoma tiketi yote, kwa hiyo hatanitaka nizime na kuwasha. Nilicheka mpaka mhasibu wa jirani akachungulia.

Alinitaka nikae hapo hapo Muleba kwa siku kadhaa, nisiguse kitu, niangalie tu. Masista wakanipa chumba kwenye nyumba ya wageni. Kila baada ya muda nilitakiwa kuingia kwenye ruta na kusoma kiasi cha kumbukumbu iliyotumika, yaani ile nafasi ambayo mashine hufanyia kazi zake, halafu nimtumie. Asubuhi ilikuwa chini. Watu walipoanza kuja, ikapanda. Hilo ni kawaida. Lakini watu walipopungua saa ya chakula, haikushuka. Ilizidi kupanda, kama pipa linalojazwa na halina bomba la kutolea, na lilipojaa ruta ikaganda mbele ya macho yangu.

Siku ya pili alinitaka nimtumie faili kubwa lenye orodha ya matukio yote ya mashine. Mtandao wa hospitali ulikuwa umelala, hivyo nililituma kwa bando la simu yangu, polepole sana, na yeye akabaki hewani. Mvua ilikuwa inapiga bati. Akauliza kelele hiyo ni nini, mitambo? Nikamwambia ni mvua. Akasema kwao haijanyesha mwaka huo, na baba yake alikuwa amelazwa, naye anamwona mwisho wa juma tu kwa sababu ya zamu. Nikamuuliza anaumwa nini. Figo, akasema. Nikampa pole. Kwa Kiingereza pole haina neno lake hasa, nikasema tu namsikitikia, nikaona haitoshi. Faili likamaliza kupanda.

Asubuhi iliyofuata alinipigia yeye. Sauti yake ilikuwa chini.

"Kuna kitu nataka ukizime," alisema. Akanitajia kipengele kimoja kinachokagua mawasiliano yanayopita kwenye ruta, kizuri kwa usalama, ambacho kampuni hukiwasha yenyewe kiwandani. "Kina kasoro. Kinachukua nafasi na hakiirudishi. Nimeona malalamiko kama yako kutoka sehemu nyingine mbili. Haijatangazwa bado, na sikutakiwa kukuambia."

"Kwa nini unaniambia?"

"Ningekuambia nini kingine? Uzime na kuwasha?"

Nilikizima. Nikaongeza ulinzi mwingine kwenye kompyuta zenyewe, kama alivyonielekeza, ili tusibaki wazi. Saa sita ikafika, mstari wa kumbukumbu kwenye kioo cha kompyuta ukapanda kidogo, ukasimama. Saa ya chakula ukashuka. Nilikuwa sijawahi kufurahia kitu kinachoshuka kiasi kile. Nilienda mapokezi nikasimama nyuma yao nikitazama kadi za bima zikipita, moja baada ya nyingine, mpaka wakaniuliza kama nina shida.

Mchana huo Sista alinipeleka wodini. Yule mzee alikuwa ameamka, amekaa kitandani, mwanawe wa kike anamlisha uji. Sista alimwambia kwa Kihaya kwamba huyu ndiye fundi wa ile mashine. Mzee akanitazama tangu viatu mpaka kichwani, akasema "Ego waitu," yaani ndiyo, kama mtu anayekubali jambo gumu. Nilimweleza kwa kifupi mashine ilivyokuwa inaganda, majibu yake yakakwama njiani. Nilitaka ajue. Sijui kwa nini nilitaka hivyo.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikuondoka kwa sababu ya mashine," alisema. "Nilikaa pale, watu wanapita, hakuna anayeniambia nasubiri nini. Ningejua ni damu yangu inayosubiriwa, ningelala pale pale kwenye benchi."

Sista alimrekebishia shuka, tukatoka. Kwenye korido akasema mashine yangu imepona, sasa limebaki benchi, na hiyo ni kazi yake yeye. Tangu wiki hiyo aliweka nesi mmoja wa kupita kwenye benchi kila mchana, mtandao ukiwepo au usiwepo, kumwambia kila mtu anasubiri nini na kwa nini. Mzee aliruhusiwa baadaye, akarudi kisiwani na dawa zake na mwanawe.

Kampuni ilikaa kimya kwa muda. Kisha wakatoa toleo jingine la programu, na katika maelezo yake, chini kabisa, kulikuwa na mstari mmoja uliosema wamerekebisha tatizo la matumizi ya kumbukumbu katika mazingira fulani. Hospitali ya Muleba ilikuwa mazingira fulani. Nililiweka toleo hilo baada ya kulijaribu ofisini Bukoba kwanza, na bosi akakubali kwamba ruta ibaki. Nilipompigia yule kijana kumshukuru, aliyepokea aliniambia hayuko tena kitengo hicho. Niliuliza kama amehamishwa au ameacha kazi. Akasema hawezi kutoa taarifa za wafanyakazi. Sikupata kujua baba yake aliendeleaje.

Baada ya hapo ilikuja barua pepe ya kutuomba tutathmini huduma, kuanzia moja hadi tano. Ilikuja kwa anwani ya hospitali, kwa hiyo niliipeleka kwa Sista nilipokwenda Muleba kufunga antena ya jengo jipya la macho. Alivaa miwani akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini.

"Yule kijana mpe tano," alisema.

Nikamwambia hakuna sehemu yake peke yake. Namba ni moja, ya kampuni nzima, pamoja na wale waliosema ni joto.

"Na yule aliyetaka kufunga tiketi?"

"Naye yumo humo humo."

Alifikiri, kidole kikigonga meza. Nilidhani atasema tatu. Akasema tuweke tano, kwa sababu tukiweka namba ndogo wangemtafutia yule kijana makosa, na hao wengine wasingejua hata kwamba wanasemwa. Lakini chini yake kulikuwa na nafasi ya maoni, na hiyo aliijaza mwenyewe, kwa vidole viwili, kwa Kiingereza chake cha darasani. Sikusoma alichoandika. Aliandika kwa muda mrefu, akasahihisha nukta mahali fulani, akatuma.

Kisha tukaenda jikoni kwa masista tukala ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, nikapakia ngazi kwenye pikapu, nikarudi Bukoba kabla barabara haijalowa.