Siku Nililenga Pua

Wasee, chekeni tu. Juzi mathe alinituma kwa MCA wetu hapa Bahati nikaombe basari, la sivyo shule niisahau. Karibu na geti lake nikaona bango lake la kampeni, na mwindaji wa kanga kama mimi hatembei bila manati. Jiwe la kwanza likapata sikio, la pili jicho.

Mzee mmoja wa gambuti, kofia imemfunika macho, akasimama kutazama.

"Una shabaha, kijana. Jaribu pua."

"Pua kubwa hivyo, mzee? Hata kipofu hakosi!"

Nikaipasua, tukagongana ngumi tukicheka.

Mama fulani akaita kutoka getini, "Mheshimiwa, chai inapoa! Huyo ndiye kijana wa basari?"