Sauti ya Mlanyota

Kuna watu wanaotunza kinyongo kama wengine wanavyotunza maharage ya mbegu: kikavu, kisafi, pasipofika panya. Shangazi alikuwa mmoja wao, wala hakuona haya. Alisali asubuhi na jioni, alifunga, na katikati ya ibada zote hizo kinyongo chake kilikaa palepale.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza milio ya michezo ya redio. Ukisikia mtu anatembea juu ya changarawe, huyo ni Shangazi, kaketi kwenye kigoda, viatu vya kiume kavivaa mikononi, anakanyaga sinia lililojaa kokoto. Mfupa ukivunjika, ni karoti. Mlango wa gereza ukifungwa, ni mlango mmoja uliosimama katikati ya chumba chake, hauelekei popote. Kuta za chumba zilifunikwa mablanketi, chini zulia nene, na sharti lilikuwa moja: hakuna kuingia na viatu, kwa sababu ya vumbi na kelele za soli.

Kaka yake alikuwa mfagiaji wa jengo hilohilo. Walimwita Mapafu kwa utani, maana kifua chake kilikuwa chembamba kama ubao. Siku moja ukaja mchezo mpya wa Mlanyota, dude lililotoka nyuma ya jua, lisilo na macho, linalokula mwanga. Waigizaji wote walijaribu sauti yake wakashindwa. Mapafu akaegemeza ufagio, akavua kandambili, akaingia. Akachukua birika tupu la bati, akafunua kifuniko, akainamisha uso ndani. Kisha akasema huku akivuta pumzi. Maneno hayakutoka, yaliingia. Shangazi aliyekuwa kando yake alihisi nywele zikimsimama.

Mkurugenzi wa michezo, ambaye kila mtu alimwita Bosi Tai kwa kuwa hata kwenye joto kali tai haikumtoka shingoni, hakuwahi kukanyaga zulia lile. Kuvua viatu mbele ya wafanyakazi aliona ni kujishusha. Alikaa upande wa pili wa kioo, na kutoka pale aliona vitu viwili tu: mgongo wa Mapafu na birika.

Kwa miaka sita Mlanyota aliwafanya watoto wajifiche chini ya meza. Na kila mchezo ulipokwisha, mtangazaji alisoma karatasi aliyopewa: "Sauti ya Mlanyota: Mkurugenzi wetu."

"Dada, achana nayo," Mapafu alicheka. "Mungu anajua."

"Mungu anajua. Wasikilizaji je?"

Katika sehemu ya mwisho Mlanyota alitakiwa kufa. Mapafu alikuja na homa, kifua kinamkwaruza. Bosi Tai alimfanya arudie mara kumi na moja, akipiga kelele nyuma ya kioo, "Bado! Kufa vizuri, bwana!" Mwezi haukuisha, Mapafu akafa kweli. Makaburini Bosi Tai alivaa miwani myeusi, akasema, "Tumempoteza mfagiaji hodari. Sakafu zetu zitamlilia." Watu wakaitikia amina.

Miaka tisa ikapita. Wasikilizaji wakaandika barua nyingi kuomba Mlanyota arudi, na kituo kikakubali: mchezo mmoja, moja kwa moja hewani, ukumbini mbele ya watu. Wiki hiyo Bosi Tai alikuja hadi mlangoni kwa Shangazi, akasimama kizingitini na viatu vyake vinavyong'aa.

"Dada yangu, habari za milio?"

"Inalia."

"Sasa, ile sauti... koo limesahau kidogo. Marehemu alikuwa akinisaidia na lile birika, sivyo?"

"Alikuwa akikusaidia," Shangazi alisema.

"Lipo bado?"

"Lipo. Ingia nikuonyeshe alivyokuwa akifanya. Vua viatu tu."

Bosi Tai alitazama viatu, akatazama zulia, akacheka puani. "Aa, kwa birika tu? Nipe hapahapa, naelewa."

Akampa.

Jioni alimsimulia wifi yake, mjane wa Mapafu. Wifi akaacha kukunja nguo. "Wifi, unamwacha aaibike? Msamehe. Tumefundishwa hivyo."

"Sijamdanganya. Nilimkaribisha ndani."

"Lakini unajua."

"Najua. Nimefunga siku tatu naomba hasira hii initoke, haijatoka. Labda Mungu naye anataka kuusikiliza mchezo."

Wifi alitaka kukasirika, akacheka, kisha akalia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa alasiri mapema. Shangazi aliwekwa pembeni mwa jukwaa, miguu mitupu, na kipaza sauti chake. Mwigizaji wa Nahodha, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha, alifika kwenye mstari ambao watu waliungojea: "Wewe uliye gizani, ni nani?"

Bosi Tai akaingiza uso kwenye birika, akanguruma.

Ng'ombe aliyekwama kwenye bomba angelia vizuri zaidi. Mtu mmoja aliguna. Mwingine akacheka. Bosi Tai akarudia kwa nguvu, akapaliwa, akakohoa hewani. Mzee mmoja safu ya mbele akapaza sauti, "Huyo siye! Mlanyota wetu mmempeleka wapi?"

Nahodha, ili kuokoa jahazi, akauliza tena: "Wewe uliye gizani, ni nani?"

Shangazi akavua viatu mikononi. Alivuta ndoo yake ya bati, akainama ndani, akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo. Kisha akaivuta.

"Mimi... ni Mapafu."

Mtoto mmoja akajificha nyuma ya mama yake.

"Nilifagia jengo hili. Sauti hii ilikuwa yangu. Niliamriwa kufa mara kumi na moja."

Nahodha alitazama maandishi yake, akayaweka chini. "Na aliyekunyang'anya ni nani?"

"Yuko hapo. Ameshika birika langu."

Watu wote wakamgeukia. Bosi Tai hakujua aliweke wapi. Alilificha nyuma kama mwizi wa kuku. Fundi wa mitambo angeweza kukata matangazo, mkono wake ulikuwa juu ya swichi. Hakukata.

Mwishoni mtangazaji alisimama na karatasi yake. Alisoma jina la kila mwigizaji, akafika mstari wa mwisho. Akamtazama bosi wake, akautazama umati. "Sauti ya Mlanyota," akasema, "marehemu Mapafu." Mzee wa safu ya mbele akasimama, na ukumbi mzima ukasimama naye.

Jumatatu Shangazi alipewa barua ya kufukuzwa. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kumwonyesha wifi.

"Sasa umeridhika?" wifi akauliza.

"Nimeridhika."

"Utatubu?"

"Dhambi nyingine nitatubu."

Wiki ile kwenye ibada Shangazi alipiga magoti muda mrefu. Alitubu uvivu, alitubu masengenyo, alitubu kumkaripia muuza nyanya. Kisha akainuka, akapangusa magoti, akaenda nyumbani.