Baiskeli ya Banda la Kuku

Baiskeli ya baba ilitundikwa kwenye banda la kuku, kule nyumbani Bukima, na miaka yote niliyokuwa nasoma sikumbuki kuiona ikishushwa. Ilining'inia kwa kamba za katani kutoka kwenye boriti, imefunikwa vumbi na kinyesi. Mama alikuwa amefunga kikapu kwenye usukani wake, na kuku mmoja mwekundu akakifanya kiota. Kila asubuhi mama aliokota yai pale bila hata kuitazama hiyo baiskeli.

Tukimuuliza baba kwa nini haipandi, alijibu, "Ile si ya kupanda." Tukimuuliza kwa nini basi haigawi, alijibu, "Nimgawie nani? Nimtakie mtu kifo?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Aliipata Kiabakari, alikofanya kazi mgodini wakati wa ukoloni. Mhandisi mmoja Mzungu alipofungasha kurudi kwao alimwachia. Baba akairudisha Bukima kwa lori, akaipanda mara moja tu, akaitundika.

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Makoko, Musoma mjini. Nilikuwa nimeshavuka umri ambao wasichana wa kwetu waliolewa. Mama alikuwa ameacha kuniuliza habari hizo, na ukimya wake ulinitisha kuliko maswali yake ya zamani. Likizo moja nikiwa nyumbani, tukaona wanaume wawili wanakuja na njia ya ziwani wakisukuma baiskeli. Mmoja alikuwa mtu mzima, mwenye koti na kofia. Mwingine kijana mrefu, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha shingo, viatu kavivua kaviweka begani kwa sababu ya tope.

Baba akawapokea. Mama akawatazama kupitia dirisha la jikoni, akamtazama yule kijana mara ya pili, akaenda kumkamata kuku. Alinipa tu sufuria na kusema, "Jifute masizi usoni."

Jikoni kwetu kulitenganishwa na sebule kwa ukuta wa fito, kwa hiyo tulisikia kila neno. Yule mtu mzima alijitambulisha kuwa ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, na kijana aliyefuatana naye ni karani wa posta Musoma. Akaulizia mvua, akaulizia ng'ombe, akaulizia ziwa. Kisha akakohoa.

"Mzee, tumesikia hapa kwako kuna kitu kizuri, kimekaa ndani miaka mingi bila mwenyewe."

Baba naye akakohoa. "Kimekaa, ndiyo. Lakini si kwa ubaya wowote."

"Hatusemi ubaya! Sisi ndio watu wa kupenda vya namna hiyo, vya zamani kidogo. Hivi vipya vinavyokuja siku hizi havina uzito."

Mama aliacha kunyonyoa kuku. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko hewani.

"Si zamani sana," baba akasema, sauti imepanda kidogo. "Na kijana wako amekionea wapi?"

"Hajakiona, mzee. Amesikia tu habari zake kwa mtu wa Kiabakari, basi halali usingizi. Mpe wewe uone. Atakifuta vumbi, atanyoosha palipopinda, atapaka mafuta kila mahali. Ndani ya miezi michache hutakijua!"

"Palipopinda wapi?" baba akauliza.

"Huwa vinapinda, mzee, vikikaa sana."

"Binti yangu hajapinda mahali popote!"

Nilimsikia yule fundi akivuta pumzi. Kisha sauti ya kijana, ya kwanza tangu waingie, ikatoka taratibu kama ya mtu anayesoma simu ya msiba. "Shikamoo tena, mzee. Tumekuja kwa ajili ya baiskeli."

Mama alimtazama kuku mikononi mwake. "Huyu ameshakufa," akanong'ona, "basi na wale tu."

Baba alianza kucheka polepole, kama anayekohoa, halafu akacheka kweli, hadi tukasikia kiti chake kikigonga ukuta. Fundi naye akacheka. Kijana sidhani kama alicheka. Mimi nilikuwa nimekasirika. Kuposwa sikutaka, lakini kuambiwa nitapakwa mafuta na kunyooshwa, halafu nigundue kuwa hata si mimi, hilo lilinizidi.

Wakaenda bandani. Nikawafuata na taa ya mkono, kwa sababu ndani hakukuonekana. Baba alisimama mlangoni, hataki kuingia. "Ile ina shetani," akawaambia. "Niliipanda kule mlimani. Nikaanza kushuka. Nikaacha kukanyaga, pedali hazikubali kusimama! Zinanizungusha miguu zenyewe. Natafuta breki, hakuna. Imenipeleka mpaka kwenye mihogo ya jirani, ikanitupa, ikaendelea mbele peke yake."

Karani alikuwa ameshapiga magoti chini yake, kwenye kinyesi cha kuku na shati lake jeupe. Alimhamisha kuku kwa mikono miwili, kwa heshima, akafuta fremu kwa kitambaa. Rangi ya samawati ikatokea. Aliiangalia kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

"Mzee," akasema, "hii ni baiskeli ya mashindano ya uwanjani. Huko kwao wanazungukia kiwanja kilichojengwa kwa kazi hiyo tu. Haiwekwagi breki. Na gurudumu la nyuma limeshikana na mnyororo moja kwa moja, likizunguka na pedali lazima zizunguke. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Baba alitazama chini, akatazama juu. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mzee. Mtu yeyote angeanguka."

Baba akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yetu. "Umesikia? Si mimi." Inaonekana mambo ya mihogo yalikuwa yamesemwa sana ndani ya nyumba ile.

Chakula kilipoletwa, nikasema mbele ya wageni kwamba baiskeli inaweza kwenda, lakini pale penye kunyooshwa na kupakwa mafuta nami niwepo, na ikikamilika nifundishwe kuipanda. Fundi alimtazama baba. Baba alikuwa anamega ugali wa udaga, ule wa mihogo, kwa vidole, ametulia. "Mwalimu ameshasema," akajibu.

Hivyo kila Jumamosi nikawa napanda basi la Bunda. Nyumbani kwa fundi kulikuwa na banda la nyasi, na ndani yake baiskeli za wazee: ya padri mmoja, yenye taa ya kuwashwa kwa gesi ya kabaidi; ya askari, nzito kama mlango; na moja yenye rimu za mbao ambayo hakuna aliyejua ilifikaje Mara. Wengine Bunda walitumia baiskeli kubebea pamba na maziwa. Hawa wawili walizitafuta vijijini, wakazirudishia uhai, wakazikalia mbele na chai na kuzisifia. Mke wa fundi alisema ni afadhali ugonjwa huu kuliko pombe, na alikuwa anatuletea viazi.

Walikuwa wanabishana sana. Karani alitaka kila kitu kibaki kilivyotoka kiwandani, hata mkwaruzo. Fundi alitaka itembee. Baiskeli ya baba iliwagombanisha wiki nzima kwa ajili ya magurudumu, kwa sababu rimu zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka zinatoboka kwa kidole, na rimu nyembamba vile hazikuwepo duka lolote la Musoma. Fundi akasema tuweke za kawaida. Karani akasema basi afadhali irudi kwa kuku.

Ndipo nikakumbuka baba aliwahi kusema mhandisi yule alikuwa na magurudumu mengine. Tukaenda Kiabakari, kwenye nyumba za zamani za mgodi. Kwenye nyumba ya mhandisi tulimkuta mama mmoja anaishi na wajukuu, na nyuma ya nyumba, magurudumu mawili yamesimamishwa kwenye udongo, maharage yametambaa juu yake hadi hayaonekani. Karani akaenda moja kwa moja kwenye maharage. Nikaamkia, nikaeleza mimi.

"Maharage yangu yatapanda wapi?" yule mama akauliza.

Fundi akamkatia miti na kumjengea uchanja siku ileile, karani akihamisha mashina moja moja akiogopa kuyakata. Mimi nikaahidi samaki wa kukausha kutoka Bukima, na nikaja nikawapeleka. Rimu zilikuwa za bati jepesi lisiloshika kutu. Zilihitaji tu kuoshwa.

Tairi zake fundi alizishona mwenyewe: turubai kuukuu ya kiwandani, tyubu ndani, mshono kama wa mpira wa miguu, halafu akazigandisha kwenye rimu kwa solusheni ya kuzibia pancha. Kiti kilikuwa kimeliwa na panya, nikashona kingine kwa ngozi ya ng'ombe. Niliiloweka, nikaivuta juu ya chuma na kuifunga kamba hadi ikauke. Karani alisugua fremu kwa majivu na mafuta ya taa, pole pole, inchi kwa inchi. Alikataa ipakwe rangi mpya. Gololi tulizibadilisha, grisi ikaingia, na siku tuliyozungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, pedali zikazunguka nalo bila sauti. Mke wa fundi alirudi nyuma. "Kweli ina shetani," akasema.

Katikati ya shughuli hizo akaja katibu wa tawi la chama. Alikuwa mtu mwembamba, mkarimu, ila kazi yake aliichukulia kwa uzito. Akazitazama baiskeli zote, akauliza, "Ndugu fundi, baiskeli zilizotundikwa zinajenga taifa kwa namna gani?"

Fundi, ambaye hakuwa amejiandaa, akajibu papo hapo: "Zitashindana siku ya Sabasaba, ndugu katibu. Wananchi wote wanakaribishwa."

"Vizuri sana," katibu akasema. "Na mimi naomba moja."

Ndivyo mashindano yalivyozaliwa. Siku ya Sabasaba kiwanja cha mpira cha shule pale Bunda kilizungushiwa chokaa, na watu wakajaa kutoka vijiji vya pamba na vya ng'ombe. Baada ya hotuba na ngoma tukajipanga: karani kwenye baiskeli ya padri, katibu kwenye ya askari, wachuuzi na wakulima kwenye zao nyeusi, mimi kwenye ya baba. Nilikuwa nimejifunza kwa kuanguka, na nilijua jambo moja: usiache kukanyaga. Gauni nilikuwa nimelifunga kwa khanga katikati ya miguu, na akina mama walipiga vigelegele kabla hata sijaondoka.

Ilikuwa inaruka ile baiskeli. Nyasi zilikuwa na matuta, turubai za fundi zilinguruma chini, nami nikawapita wakulima, nikampita katibu aliyekuwa anahema kama ng'ombe wa plau, nikampita karani. Nikamsikia akicheka. Aliyenishinda ni mchuuzi wa maziwa kutoka njia ya Butiama, aliyekuwa hajashusha hata dumu lake nyuma ya kiti. Alivuka chokaa mbele yangu maziwa yakimwagika, akashangaa kuona watu wanamkumbatia.

Nilikuwa bado natafuta pumzi nilipomwona baba. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Bukima, na koti lake la kanisani. Akashika usukani.

"Nipishe, mama."

"Baba, huwezi kuisimamisha."

"Najua. Si nimeshaelezwa?"

Karani akashika kiti nyuma, akakimbia naye, kisha akaachia. Baba akaenda. Mzunguko wa kwanza alikuwa amekunja uso, mabega juu, na mama yangu upande wa pili alikuwa ameziba macho kwa khanga. Mzunguko wa pili mabega yakashuka. Wa tatu akaanza kupungia watu mkono. Watu walikuwa wanapiga makofi kwa mapigo ya miguu yake, na kila akipita mbele ya mama alipaza sauti, "Unaniona?" Karani alikimbia pembeni akimwambia apunguze polepole, atamdaka, baba akawa anamkwepa. Alishuka alipochoka mwenyewe, kwenye mikono ya karani na ya katibu, jasho linamtiririka, hawezi kuongea kwa kicheko.

Jioni ile akatangaza kuwa baiskeli inarudi Bukima. Fundi alikasirika kweli, akazunguka banda akiongea peke yake. Nilidhani karani ataumia zaidi, lakini alisema tu, "Sawa mzee. Itahitaji mtu wa kuitunza."

Akaanza kuja Bukima kila Jumapili baada ya ibada. Aliifuta, akaitia mafuta, akakaza spoku, akala, akaondoka. Baba alimsubiri barabarani. Mama akamtengea kikombe cha peke yake. Mimi shule zilipokuwa zimefunguliwa nilisikia habari hizo kwa barua za kaka yangu aliyebaki nyumbani, na zilipofungwa nilizishuhudia.

Siku moja mimi, karani na fundi tulikwenda Butiama kwa baiskeli, fundi akitaka kuangalia moja aliyoambiwa iko kwa mzee fulani. Kule kwenye mwinuko fundi alitutangulia. Karani akawa anasukuma kando yangu, mahindi yamesimama pande zote za njia.

"Baiskeli haihitajigi mafuta kila Jumapili," nikamwambia.

"Najua," akasema.

Tukaendelea kusukuma. Alikuwa anatazama gurudumu la mbele.

"Na nikiuliza, Mwalimu, utanikatalia?"

"Hujauliza kitu."

Akauliza, pale pale, akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili kana kwamba utatoroka. Nikamjibu ndiyo kabla hajamaliza, kwa sababu kilima kilikuwa kinakwisha na kule juu fundi alikuwa ameshasimama, anatupungia kofia, anapiga kelele kwamba ameiona ile baiskeli, iko uani, ina kengele yake ya kwanza, tufanye haraka.