Ndiyo Niliyoitoa Bila Kusikia

Mke wangu aliondoka kijijini kwetu Nyaishozi kwenda ng'ambo kumsaidia binti yetu kulea mtoto mchanga. Tulikubaliana miezi sita. Nikabaki na ng'ombe wawili, kibanja cha migomba na kahawa, na simu ya intaneti kila Jumapili nikitoka kanisani.

Simu yenyewe ilikuwa mateso. Sauti yake ilinifikia vipande vipande, neno likija, mawili yakipotea. "Umesemaje?" Akirudia, bado siambulii kitu. Mwishowe nikazoea kuitikia tu. "Ndiyo, mama. Ndiyo." Niliona afadhali hivyo kuliko kumchosha.

Miezi sita ikaisha, sikusikia habari ya safari. Kuuliza nikaogopa. Nilikuwa napika ndizi na maharage ya kutosha watu wawili, maana ya mtu mmoja sijui kuyapima, kisha nakula kimya.

Siku moja nikamwita fundi wa simu wa pale senta, mama mwenye subira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu nitazamie hii ruta."

Akakitazama kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, akauliza nani mwingine anakitumia. Nikamwambia: wapangaji wangu, walimu wawili wa vyumba vya uani. Niliwapa nywila mwenyewe, angalau uani pawe na sauti za watu.

"Basi Jumapili wanaangalia sinema, na simu yako inasubiri kwenye foleni nyuma yao."

"Siwezi kuwafungia."

"Hufungi, mzee. Unawapanga."

Akanionyesha ukurasa wa mipangilio. Kwanza tukapima kasi wakati hakuna anayetumia. Kisha tukaweka kikomo chini kidogo ya kasi hiyo, ili foleni ikae ndani ya ruta, mahali tunapoweza kuitawala, na simu ikapewa zamu ya kwanza. Jioni ile nikawaomba walimu wafungue sinema zao zote, nami nikampigia fundi. Bado sauti ilikwama. Nikashusha kikomo kidogo, nikapiga tena. Nikashusha tena. Mara ya nne nilimsikia akicheka bila kukatika.

Jumapili mke wangu akapiga.

"Baba watoto, unanisikia?"

"Nakusikia kama uko jikoni."

Nilisikia hata kijiko kikigonga kikombe. Akashusha pumzi. "Leo nikushukuru vizuri basi. Nilidhani ungekataa nikae mwaka mzima zaidi."

"Mwaka gani?"

"Nilikuuliza mara tatu. Nikakuuliza pia kama unaweza kuishi peke yako muda wote huo. Ukasema ndiyo, ndiyo."

"Mama watoto, sikusikia hata neno moja."

Akanyamaza. Zamani ningedhani simu imekatika, lakini nilimsikia akipumua.

"Nilikuwa nasubiri useme hapana," alisema. "Nililia siku ile. Nikajiambia, kumbe amezoea kuishi bila mimi."

Nikamwambia tu ukweli: kwamba upande wake wa kitanda sijaulalia tangu aondoke.

Binti alikuwa amekwisha kuanza kazi kwa kutegemea mwaka ule, na hatukuweza kumwangusha. Mke wangu akabaki. Tukawa tunaongea kila jioni. Namweleza ng'ombe kazaa, kahawa imeiva, mwalimu mmoja kahama. Ananiuliza nimekula nini. Kisha mtoto huanza kulia kwake, nasikia mke wangu akisukuma kiti na nyayo zake zikienda chumba cha pili, nami hungoja na simu sikioni mpaka arudi.