Mwali Anapita

Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, kama walivyowekwa wasichana wote wa kwetu Masanze. Miezi ikapita. Jua nililiona kwenye nyufa za ukuta tu. Aliyenilea humo chumbani alikuwa kungwi, shangazi yake mama, bibi mwenye ulimi wa upupu. Alinifundisha kuinamisha uso, kwani mwali hatazami watu machoni. Nilichukia kuinama. Mpaka leo shingo huniuma nikikumbuka.

Baba alikuwa manamba, kibarua wa mkonge kutoka mbali, akafia huko huko mashambani. Hata angekuwa hai, neno lingebaki kwa mjomba, kaka yake mama. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Naye mjomba alikwisha kukata shauri: nikitolewa nje kwa ngoma, niolewe na nyapara wa shamba la mkonge la Kimamba, mtu mzima mwenye wake wawili. Mama hakuulizwa. Alikuwa akianika singa za mkonge katika shamba lile lile, na amri za nyapara huyo alizijua vizuri.

Lakini kabla sijawekwa ndani, mwalimu wangu wa shule alikuwa amenipatia nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, Morogoro. Nisipofika siku ya kufungua, nafasi hiyo angepewa mwingine. Siku hiyo ilipokaribia, mama aliingia chumbani, akamnong'oneza kungwi. Nilidhani bibi atapiga kelele. Alitema tumbaku, kisha akasema, "Liwalo na liwe. Leteni kanga."

Walinifunika gubigubi. Mwali hatoki kabla ya ngoma yake, ila akiugua hupelekwa kwa mganga akiwa amefunikwa hivyo, na mwanamume yeyote akimwona anakuja hugeuka ampe mgongo mpaka aambiwe kwamba amepita. Anayemtazama hujitakia ugumba. Hilo hakuna aliyelifanyia mzaha, hata wale waliojidai wa mjini.

Tulitoka na alfajiri. Nilikuwa sioni kitu ila miguu yangu na vumbi. Kungwi alitangulia akipaza sauti, "Mwali anapita! Mwali anapita!" Nikasikia baiskeli zikisimama na wanaume wakikohoa na kugeuka. Nilikuwa na hofu, lakini nakiri nilitaka kucheka.

Kicheko kilinikauka tulipoingia Kimamba. Karibu na stesheni palikuwa na duka lenye kibaraza, na kutoka hapo niliisikia sauti ya mjomba. Alikuwa akizungumza na nyapara, bwana harusi wangu. Mama akanisukuma begani niharakishe.

"Mwali anapita!" kungwi akaita, bila kupunguza sauti hata kidogo.

Viti vikakwaruza sakafu. Wamegeuka.

"Shikamoo, kaka," mama akasema.

"Marahaba. Ni wewe?" Sauti yake ilitokea upande wa ukutani. "Mnampeleka wapi mtoto?"

"Anaumwa."

"Anaumwa nini? Mbona sikuambiwa?"

Nilisikia kiti kikisogea, nikajua mjomba akigeuka tu nimekwisha. Kungwi akadakia, "Ya wanawake hayo! Nawe unauliza kama nani? Unataka kuyachungulia?"

Nyapara akanong'ona, "Mzee, tafadhali, usigeuke. Waache wapite."

Kiti cha mjomba kikarudi kuelekea ukutani. Tukapita.

Gari moshi lilikuwa limesimama. Mama alitupandisha katika behewa, mimi na kungwi ambaye angenifikisha shuleni, kisha akanivua kanga, palepale mbele ya abiria. Hapakuwa na ngoma wala vigelegele. Jua lilinichoma macho, nami kwa mazoea nikainama.

"Inua uso," mama akasema. "Huko uendako watakuuliza maswali. Watazame unapowajibu."

"Na wewe, mama? Hupandi?"

"Mimi narudi. Kuna mtu wa kujibiwa."

Alishuka. Gari lilipoanza kuondoka nilichungulia dirishani, nikakiona kile kibaraza. Mjomba na nyapara walikuwa bado wameelekea ukutani, mikono magotini, wakingoja waambiwe kwamba mwali amekwisha kupita. Mama alikuwa akivuka barabara peke yake, kanga yangu begani, akienda kuwaambia.