Jogoo wa Kabula

Aibu niliyoipata pale kituo cha basi, mbele ya wanawake wote wa kijiji na wanaume waliokuwa wanacheza bao, sijawahi kuisimulia mwenyewe. Wameisimulia wengine, wakaongeza chumvi, mpaka juzi kuna binti kanieleza mkasa wangu mwenyewe akidhani ni wa bibi mwingine. Basi nauandika mimi, kama ulivyokuwa (darasa la nne nililifika, kuandika najua, tusidharauliane).

Ilikuwa enzi zile biashara zimefunguliwa, huku Bariadi tungali mkoa wa Shinyanga, wanunuzi binafsi wa pamba wanakuja na mizani zao na ghala la chama cha msingi limebaki na popo. Mitumba ikamwagwa chini mnadani, dukani kukawa na sabuni za kila rangi, na vijana wakaanza kuondoka kama wameitwa. Binti yangu Kabula naye akaondoka. Alisema anakwenda Mwanza kuchukua robota la mitumba, atarudi kabla ya palizi. Palizi ngapi zilipita nisiulizwe. Nilikuwa nasikia tu, kaonekana Kahama, kaonekana Geita, kanenepa, kakonda. Mwenyewe haji.

Mimi nikamwekea jogoo wa siku atakayorudi. Mwekundu, mkubwa, hachinjwi hata wakwe wakija. Akizeeka namuuza mnadani, naweka mwingine mwekundu vilevile. Kijiji kizima kilimjua, mtoto akimrushia jiwe anafokewa, "Acha, huyo wa Kabula!" Na mimi kila nikimtupia mtama asubuhi nilikuwa naona kama namlisha mwanangu.

Sasa ikaja semina. Semina ya furaha, nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama hicho, nikaenda kwa ajili ya soda, sifichi. Tulikalishwa kwenye lile ghala, akasimama mwezeshaji, binti wa mjini mwembamba mwenye viatu vya kuchomachoma sakafu, akasema, "Mama zangu, furaha mmeifungia sandukuni kama nguo ya Krismasi. Kila siku jifanyie kitu kimoja kizuri, hata kidogo, usingoje mtu. Halafu jioni kumbuka yaliyokwenda vizuri."

"Na siku ya palizi?" akauliza Mbuke, jirani yangu, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa. Watu wakacheka.

Yule binti akanigeukia mimi, labda kwa sababu ndimi niliyekuwa nimenuna. "Mama, wewe unapenda kula nini?"

Jamani, swali hilo nilikuwa sijawahi kuulizwa na mtu, si mama yangu, si marehemu mume wangu. Nikajikuta nimesema, "Kuku." Ghala likaangua kicheko, maana sisi wa zamani kuku ni wa wanaume na wageni, mama zetu hata kumwonja hawakumwonja, na sisi tuliokuja nyuma yao tunabakiziwa shingo.

"Basi chinja, mama," akasema. "Nikirudi nitakuuliza."

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Asubuhi moja nikamtazama jogoo, naye akanitazama. Ameota kucha ndefu za kisigino, jicho moja limeanza ukungu, nikaona huyu tumezeeka pamoja tunamsubiri mtu mmoja. Nikasema leo. Nikamshika, nikamchinja mwenyewe, nikainjika maji.

Ndipo Mbuke akaingia bila hodi (hunusa maji ya moto akiwa kwake).

"Mwangaluka, Mama Kabula."

"Mwangaluka," nikaitikia salamu yake.

Akaona manyoya mekundu. Akashika mdomo. "Mayu! Kabula anakuja?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ningesema tu, nachinja nile. Lakini nilijiona nilivyo, mwanamke mzima, peke yangu, na jogoo mzima wa mtoto wangu, kama mtu aliyemaliza matanga. Ningemjibu hivyo, angejua nimekata tamaa, na mimi ningejua. Nikasema, "Yuko njiani."

Na maneno hayo yalikuwa matamu, nawaambieni, yaliniingia kifuani kama uji wa moto.

"Leo?"

"Basi la jioni." (Sijui basi nililitoa wapi.)

Mbuke hakuaga. Alikimbia. Kabla nyama haijachemka nina mchele wa watu uani kwangu, nina maziwa kwenye kibuyu, wapo wenzake Kabula aliocheza nao, wana watoto mgongoni, wanafagia, wanabishana nani alale naye wapige soga. Mmoja kaleta shuka lenye maua ya kutarizi, kakitandika kitanda cha Kabula. Mara mbili nilifungua mdomo niwaambie, na mara mbili mtu akanikatiza, "Mama Kabula, leo Mungu kakukumbuka!" Wewe ungesema?

Halafu kikatokea kitu ambacho mpaka leo kinanitisha. Nilianza kuamini. Niliposikia binti mmoja anauliza Kabula anapenda nini, nikasema matobolwa, viazi vilivyokaushwa, na karanga, nikaenda kuvichemsha mwenyewe mbiombio. Nikaoga, nikavaa kitenge changu kipya. Tulipokwenda kituoni, wanawake wanaimba, ngoma mbele, mimi niliwapita wote kwa mwendo. Nikasahau kabisa kwamba basi hilo nimelitunga mimi.

Likaja na vumbi lake. Likasimama. Mlango ukafunguka, akashuka binti mwembamba, na wale wake za vijana wetu, walioolewa hapa Kabula ameshaondoka na kwenye semina hawakuwepo, wakapiga vigelegele, wakamtandikia khanga apite, wawili wakambeba juujuu na begi lake. Mbuke naye, jua linampiga machoni, analia machozi, "Kabula umekonda, mwanangu! Na weupe huu umeutoa wapi?"

Alikuwa mwezeshaji.

Yeye huko juu alikokuwa amebebwa akadhani tumeielewa semina. Akafuta macho, akasema kwa sauti ya jukwaani, "Mama zangu, sijawahi kupokewa hivi!" Akaniona. "Na wewe mama, ulifanya lile jambo lako?"

Ngoma ikanyamaza. Nikasema, "Nimechinja jogoo."

"Vizuri! Kwa ajili ya nani?"

Wote wananitazama. Basi limeshaondoka, hakuna mwingine aliyeshuka, hata yule mzee anayenunua kuku mnadani hakushuka.

"Yangu mwenyewe," nikasema.

"Yako?" Mbuke akaja mpaka puani kwangu. "Si umeniambia Kabula yuko njiani?"

"Yuko njiani," nikamjibu, na sauti ikanikatika mbele za watu, mimi ambaye hata msibani kwa mume wangu sikuwapa watu hiyo nafasi. "Kuna siku niliyowahi kukwambia hayuko njiani?"

Hakuna aliyecheka. Mpaka mzee mmoja kwenye bao akauliza, "Sasa huyo mliyembeba mtamshusha lini?" Hapo wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi nikatamani barabara inimeze.

Tulirudi nyumbani. Ungefanyaje, wali umeiva. Wakala wote, mwezeshaji kakalishwa kwenye kigoda cha mgeni, matobolwa ya mwanangu yamewekwa mbele yake, akala moja moja, taratibu. Nilidhani Mbuke ataninunia mwaka mzima. Alikuja na sahani. Ndani kuna paja na firigisi, ile firigisi yenyewe ambayo kwetu mwanamke haigusi, akaniwekea mapajani. "Kula," akasema. "Tumekesha na huyu jogoo miaka yote, angalau wewe ujue utamu wake." Akakaa ubavuni kwangu, mdomo wake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, umefungwa.

Alikuwa mgumu kama kamba. Nilimla mpaka mfupa.

Tangu hapo nimeapa, uongo wa basi sitautunga tena, na jogoo wa mtu asiyekuwepo siweki. Nikitamani kuku nachinja, manyoya nayatupa njiani makusudi, Mbuke akiuliza mgeni nani namwambia mimi, na yeye huleta sahani yake. Jioni nayakumbuka yaliyokwenda vizuri, kama tulivyofundishwa. Siku nyingine ni mvua, siku nyingine ni hiyo sahani ya Mbuke.

Matobolwa ninayo, hayaishi ndani. Basi la jioni likipiga honi bado nasimamisha kazi niliyo nayo mkononi, hilo sikuweza kuliacha. Lakini Kabula akishuka, atakaa uani anisubiri nimkimbize kuku. Safari hii asubiri yeye.