Mpira wa Baba Mkwe

Mwanangu, Jumamosi iliyopita ulinikosea pale uwanja wa kroketi, nami sikusema neno kwa sababu watu walikuwa wengi na chai ilikuwa imeshamiminwa. Mpira wako ulikuwa karibu kabisa na wangu. Hata mtu mwenye mtoto wa jicho angeugonga. Wewe ukaupeleka wako pembeni, ukanitazama, ukatabasamu, ukaniacha nimalize tao la mwisho na kushinda. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimeumia, hata ugali haukupita. Lakini sikukasirika sana, maana najua kosa lako linatoka wapi. Ipo siku moja ya ujana wangu naikumbuka kila nikishika nyundo ya kroketi, na leo sogeza kiti nikusimulie.

Nilikuwa na umri kama wako, nimetoka Tukuyu kuja kuolewa hapa Iringa. Klabu ilikuwa pale pale ilipo leo, juu kilimani, uwanja wa nyasi na ua wa michongoma kwenye mteremko. Wanachama wote walikuwa wanaume. Sisi wake zao tulipanda Jumamosi na chupa za chai na maandazi, tukakaa kwenye benchi tukishangilia. Mimi kushangilia kulinishinda mapema. Nilikuwa naona mtu anakosea waziwazi, na mkono unaniwasha.

Nikaanza kujifunza nyumbani, Kihesa. Mume wangu alinikunjia nondo nyembamba zikawa matao, seremala akanichongea nyundo, nikawa nacheza nyuma ya nyumba katikati ya kuku. Majirani walisema mke wa Mgaya amechanganyikiwa. Wacha waseme. Mkono ulipokaa sawa, nikaenda kuomba uanachama.

Wengine walinuna, lakini sheria za klabu hazikutaja mwanamke wala mwanaume, kwa hiyo wakanipitisha kwenye utaratibu wa kila mgeni. Unacheza mchezo mmoja mbele ya wanachama wote. Kushinda si lazima. Wakiona unacheza kwelikweli, wanakupokea. Wakiona unababaisha, unarudi kwenye benchi na huombi tena. Mpinzani anapatikana kwa kuchomoa vijiti, na siku yangu kijiti kifupi kilichomolewa na baba mkwe wangu, Mzee Mgaya.

Wewe umezaliwa mjini, hujui. Kwetu, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Jina lake hulitaji, mbele yake huketi. Mama alinilea hivyo, nami nilikuja na adabu hiyo nzima nzima hapa Iringa, ingawa upande wa mume wangu walinitania tu na kusema nitajificha wapi wakati migomba yenyewe haipo. Sasa mtu huyo ndiye niliyetakiwa kusimama naye uwanja mmoja na kuupiga mpira wake.

Maana mchezo wenyewe unaujua. Unapitisha mpira kwenye matao, na mpira wako ukigonga wa mwenzako, unaiweka mipira pamoja na una ruhusa ya kuupiga wa kwake uende mbali upendako. Utamu wote uko hapo. Anayeogopa kufanya hivyo anatembeza nyundo tu.

Nilicheza nimeinamisha macho. Kila alipokuwa amesimama, nilizunguka ukingoni mwa uwanja nisipite mbele yake, kwa hiyo zamu yangu moja ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Mpira wake ukawa unalala mbele yangu, nami naupita pembeni kama siuoni. Akakosea tena, nikaupita tena. Kwenye benchi nilisikia mtu anacheka, na mwingine akasema, "Si tuliwaambia?"

Mzee Mgaya akaweka nyundo chini.

Mwamuzi alikuwa Bwana Salum, muuza vitambaa wa sokoni, mtu mpole sana. Mzee akamgeukia yeye, ingawa mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Salum, mwambie mkwe wangu nimeendesha lori maisha yangu yote. Nikiwa kwenye kona za mlima wa Kitonga, utingo akiona nakosea halafu akanyamaza eti ananiheshimu, tunalala korongoni wote wawili. Hiyo ni heshima gani? Na kama amekuja hapa kunitunza kama mgonjwa, basi naenda nyumbani. Kitanda ninacho."

Watu wakacheka. Bwana Salum akanigeukia taratibu. "Dada, mzee anasema..."

"Nimesikia, kaka."

Ndipo mzee akanisogelea na kusema nami mwenyewe, kwa sauti ya chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha bila mtu katikati. "Mwanangu, ukiniacha nishinde, hawa watasema umeshindwa kwa sababu ni mwanamke, na mimi nimeshinda kwa sababu ni mzee. Tutakuwa tumedharauliwa wote. Mimi nimekuja kucheza na wewe. Piga."

Kisha nikainua uso nikamtazama, na nilipomtazama woga ukapungua, maana nilimwona kumbe ni mtu tu, mzee mwenye sweta lililotoboka kiwikoni, anayesubiri zamu yake kwa hamu. Nikaugonga mpira wake. Nikaweka mipira pamoja, nikavuta nyundo, nikaupiga wa kwake kwa nguvu zangu zote. Ulishuka mteremko ule, ukatoka nje ya uwanja, ukaingia kwenye michongoma.

Hata aliyekuwa anatafuna andazi aliacha.

"Eee, mnyalukolo!" mzee akapiga ukelele, akaniita ndugu kwa lugha ya kwao, akacheka mpaka akashika kiuno. Akaenda kuutoa mwenyewe. Alirudi na miiba kwenye mkono wa sweta, akasubiri zamu yake, akaugonga wangu na kuupeleka chini ya meza ya chai. Tangu hapo tulicheza. Sikuzunguka ukingoni tena. Alinishinda kwa tao la mwisho, na tao lile linanikera hadi leo, lakini tulipomaliza, yule aliyenuna kuliko wote ndiye aliyenimiminia chai. Nikanywa nimekaa upande wa wanachama.

Mama alipopata habari alishika kichwa. "Umempiga baba mkwe wako?"

"Mpira wake, mama."

"Na yeye alifanyaje?"

"Alicheka."

Kisha mama akauliza kama mpira ule ni mzito.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo ninapotaka ufike. Mzee Mgaya alizeeka. Macho yakapungua, magoti yakawa ya kubembeleza. Na wanachama, watu wazuri kabisa, wakaanza kumwachia. Wanapiga pembeni, wanampa tao, wanampigia makofi. Yeye anajua. Anainama kuokota mpira na uso umemshuka. Akawa anamwambia Bwana Salum, "Nipangie na mkwe wangu. Hawa wengine wameshanizika." Nami nilicheza naye kila Jumamosi bila kumpunguzia. Mchezo wake wa mwisho kabla hajalala kitandani nilimfunga vibaya sana. Alinishika mkono mbele ya watu wote, akasema, "Leo nimecheza." Nililia njia nzima kushuka kilima, na nilikuwa na furaha.

Leo magoti ya kubembeleza ni yangu. Wewe umefika klabuni juzi, una mkono mzuri kuliko niliokuwa nao mimi, na umelelewa vizuri, ndiyo maana umenionea huruma. Lakini mwanangu, huruma ile ilinikalisha kwenye benchi. Miaka yote niliyopambana niondoke kwenye benchi lile, wewe ulinirudisha kwa pigo moja la pembeni, tena kwa tabasamu. Nisalimie kwa kupiga goti, nibebee mkoba, nipishe mlangoni, hayo napokea yote na nakushukuru. Ila ukiingia uwanjani nami, nichukulie kama mtu aliye hai. Na si kwenye kroketi tu. Mkubwa wako akikosea kazini, mwambie. Baba yako akitaka kubishana nawe, bishana naye kwa adabu lakini kwa akili yako yote, usimjibu "ndiyo baba" huku moyoni umeshamwacha nyuma. Mtu mzima hahitaji kuachiwa. Anahitaji mtu wa kucheza naye.

Jumamosi nitatangulia, nitakuwa nimeshapanga mipira. Ukiukuta wangu njiani, upeleke kwenye michongoma, nitaufuata mwenyewe. Mungu akupe mkono mzito na moyo mweupe. Akupe siku nyingi za jua pale kilimani. Na ukifika umri wangu, akupe na wewe kijana atakayeupiga mpira wako mbali bila kukuonea haya.